Kasha la Bi Mwanawetu na Mamlaka ya Miisho Bora

Tangazo lilibandikwa Jumatatu, kwenye ukuta wa zahanati na kwenye mlango wa duka la Labhuben pale Kibiti, na nakala moja ikavushwa kwa boti mpaka visiwani:

"Mamlaka ya Miisho Bora inawatangazia wananchi wote wa Kibiti, Rufiji na visiwa vya delta kwamba kuanzia mwezi huu kufa ovyo kumekwisha. Kila mwenye umri wa miaka hamsini na kuendelea atajiunga na Bima ya Safari ya Mwisho kwa hiari yake mwenyewe. Atakayekosa hiari atafuatwa nyumbani. TANGULIA UMELIPIA."

Wa kuwafuata watu nyumbani alikuwa Mustapha, kijana wa Chumbi mwenye shati la mikono mirefu na begi la ngozi ya bandia. Cheo chake kilikuwa Ofisa Mauzo na Maadili. Wasiojua kazi za ofisi walidhani hivyo ni vyeo viwili vinavyogombana. Hata kidogo. Asubuhi mpaka saa sita Mustapha alikuwa maadili, akihakikisha hakuna mzee anayedanganywa. Akishakula, alikuwa mauzo. Malalamiko ya mchana aliyapokea mwenyewe kesho yake asubuhi, akayachunguza kwa haki bila upendeleo, na kila mara akamkuta muuzaji hana kosa.

Bei nayo ilipangwa kisayansi. Mzee anayekohoa aliongezewa elfu mbili kwa mwezi. Mwenye mkongojo, elfu tatu. Anayesema "Mungu akipenda" kila baada ya maneno mawili, elfu moja, kwa kuwa anaonekana ana taarifa. Madaraja yalikuwa matatu, Shaba, Fedha na Dhahabu. Wa Dhahabu alizikwa na sanduku la mninga lenye kioo, bendi ya watu wanane, na risala isiyozidi dakika ishirini.

Visiwani, kama inavyojulikana, mtu huzikwa na sanda yake. Jeneza ni la msikiti, humfikisha makaburini kisha likarudi kumngoja mwingine. Mustapha alilijua hilo vizuri, maana baba yake mzazi alizikwa hivyohivyo. Lakini Mwongozo wa Mamlaka ulikuwa umeshachapwa, tena kwa rangi.

Palikuwa pia na kipindi cha subira, miezi ishirini na minne. Mwanachama akitangulia kabla ya hapo, familia haipati pesa. Inapata cheti cha shukrani chenye fremu. Fremu inalipiwa.

Sasa Mustapha alikuwa na wiki moja. Jumamosi, Mkurugenzi Mkuu, Mheshimiwa Bwanaheri, angekuja kuzindua bima katika kisiwa cha Mkokoni, na siku hiyo alitaka kuona wanachama arobaini wamepanga mstari. Wasipotimia, Mustapha angehamishiwa Mloka, ambako tembo wanamaliza mahindi shambani na wazee hawabaki na cha kukatwa. Siku mbili alizunguka Mkokoni na fomu zake. Akakaribishwa uji, akapewa madafu, akaombewa dua. Hakuna aliyetia dole gumba.

"Kwani kuna nini hapa?" alimuuliza Mzee Kondo, mwenyekiti wa kijiji.

"Kuna kasha," akasema Kondo. "La Bi Mwanawetu. Watu wanasema wao wameshajiwekea."

Basi Mustapha akakunja suruali, akavuka tope, akaenda.

Alimkuta Bi Mwanawetu barazani anasuka ukili, mwanamke mdogo wa mwili, vidole havitulii. Pembeni yake, kwenye kitanda cha kamba, alikuwa amelala mwanamke mwingine, mzee, mgonjwa, mrefu mpaka miguu imetokeza nje ya kitanda. Huyo alikuwa Bi Fatu, mama mzazi wa Mkurugenzi. Mwanawe hakuwa amefika Mkokoni kwa miaka sita, lakini alimsajili mama yake Dhahabu, mwanachama namba moja, na picha ikatoka gazetini. Uji alikuwa ananyweshwa na Bi Mwanawetu.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu," akajibu Bi Mwanawetu. "Umekuja na maji au umekuja na tope?"

"Na tope, Bibi. Nimekuja tuzungumze kuhusu tukio."

"Tukio gani?"

"Lile litakalotokea."

"Kufa?"

Mustapha akatazama saa. Saa tano na nusu, bado maadili. Kanuni ya Nne inamkataza ofisa kumtisha mteja kwa neno hilo. "Sina ruhusa ya kuthibitisha, Bibi."

Bi Fatu akacheka kitandani mpaka akakohoa. Mustapha akaandika: kikohozi, elfu mbili. Halafu akakumbuka huyu analipiwa na nani, akafuta.

"Haya, tukio limetokea," akasema Bi Mwanawetu. "Mnatoa nini?"

"Sanduku, bendi, risala."

"Na sanda?"

"Sanda imo kwenye Nyongeza B. Inalipiwa peke yake."

"Tarumbeta zimo, sanda haimo." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayerudia jina la mgeni ili asilisahau. "Na hizo pesa hutoka lini?"

"Siku kumi na nne za kazi, nyaraka zikikamilika."

"Na maiti muda wote huo yuko wapi?"

"Mwongozo haujafika hapo."

"Za kazi!" akadakia Bi Fatu. "Umesikia, Mwanawetu? Maiti wa mwanangu Jumamosi na Jumapili wanapumzika."

Mustapha alivumilia. Mafunzo yake yalimwandaa kwa wateja wagumu. Akaomba aonyeshwe kasha.

Lilikuwa kasha la mvule, la zamani, limekaa uvunguni mwa kitanda cha Bi Mwanawetu. Alilifunua, chumba kikajaa harufu ya karafuu maiti. Ndani palikuwa na pamba, chupa ya marashi, na sanda zilizokunjwa, kila moja imefungwa kwa utepe wa kanga ya mwenyewe. Bi Mwanawetu akamweleza pole pole, kama anavyoelezwa mtoto wa watu. Maji yakipwa, Mkokoni haitoki boti, mkondo wote unakuwa tope. Mtu akifa saa nne asubuhi atazikwa alasiri, na duka la bafta, kitambaa cha sanda, liko Kibiti. Kwa hiyo sanda hukaa hapa. Mtu akizikwa kwa sanda iliyotoka kashani, mrithi wake huleta nyingine kabla ya arobaini. Hupimwa kwa mwili wake yeye mrithi, kwa sababu ndiye aliyesogea mbele kwenye foleni. Ile ya Bi Fatu alipimiwa siku alipomzika mama yake. Na aliyekufa hana kitu wala mtu hupewa iliyopo, mji mzima hurudisha. Kasha halilali tupu.

Mustapha alikuwa anaandika mpaka jasho linadondoka kwenye karatasi.

"Malipo hutolewa baada ya muda gani?"

"Wakati huohuo."

"Bila uchunguzi?"

"Mwanangu, maiti amelala pale. Uchunguzi gani?"

"Na kabla ya kujiunga mtu anapimwa mwili?"

"Lazima. Sanda ikipungua ni fedheha."

"Bei?"

"Sanda kwa sanda."

"Tajiri je? Na maskini?"

"Bafta ileile. Kwani ardhi inauliza?"

Mustapha akafunga kalamu. Miaka minne kazini hakuwahi kukutana na jinai iliyokamilika namna hii. Wanachama wapo, mfuko upo, upimaji wa afya upo, fidia inatoka siku hiyohiyo, na bei ni ya kuua soko. Akapanda kichuguu cha nyuma ya msikiti, ambapo mtandao hushika, akampigia Mkurugenzi.

"Mheshimiwa, kuna kampuni ya bima isiyo na leseni. Inaendeshwa chini ya kitanda."

"Inaendeshwa na nani?"

"Ajuza mmoja. Na kuna jambo nyeti, Mheshimiwa. Mama yako mzazi ni mwathirika. Ana sanda yake mle ndani."

"Mama yangu ni Dhahabu," akasema Bwanaheri. "Funga."

Wakafunga. Mustapha alizungusha utepe mwekundu, akayeyusha lakiri, akagonga mhuri: KIELELEZO, KISIGUSWE. Kuvusha kasha kwa boti kulihitaji kibali cha mizigo, kwa hiyo likabebwa na vijana wanne mpaka ofisi ya Mzee Kondo, likawekwa juu ya meza, chini ya kalenda. Bi Mwanawetu alilifuata nyuma mpaka mlangoni.

"Mwanangu," akasema, "Fatu hana siku nyingi. Akitangulia kesho, mimi namvika nini?"

"Itajazwa fomu, Bibi."

"Haya," akasema Bi Mwanawetu. "Mimi nitangoja."

Na ilikuwa ajabu jinsi soko lilivyofunguka. Kasha lilipofungwa tu, hiari ikawaingia watu kwa wingi. Walikuja mmoja mmoja, macho chini, wakatia dole gumba. Ijumaa jioni walifika thelathini na tisa. Wa arobaini, aliyebaki bila kutia dole, ni Bi Mwanawetu, ambaye kwa hesabu ya Mwongozo bei yake ilikuwa mara tatu, kwani mtu aliyekutwa na sanda ndani ya nyumba ameonyesha dalili ya nia.

Jumamosi Bwanaheri akaja na maji ya asubuhi. Boti ya kwanza ilimbeba yeye, ya pili bendi ya watu wanane, ya tatu sanduku la mninga lenye kioo kwa ajili ya maonyesho. Alikuwa mrefu kama mama yake, kila mlango wa Mkokoni aliingia ameinama, na watu wakasema ana heshima. Akapita barazani kumsalimu mgonjwa.

"Mama, nimekuja."

"Nimekuona," akasema Bi Fatu. "Sanda yangu umenifungia, Bwanaheri?"

"Mama, wewe ni Dhahabu."

Mama akamgeukia Bi Mwanawetu. "Nipe maji, mwenzangu. Huyu ana mkutano."

Mkutano ulianza saa nne. Mkurugenzi alikuwa ukurasa wa tatu wa hotuba, mahali palipoandikwa "kuanzia leo hakuna mwananchi wa delta atakayehangaika siku ya tukio," Mzee Kondo alipomnong'oneza sikioni. Bwanaheri akamaliza ile sentensi, maana alikuwa katikati. Halafu akakaa kwenye kiti, akaanza kulia kama mtoto wa mtu yeyote.

Watu wa Mkokoni hawakungoja kuambiwa. Wanawake wakachota maji na kutundika shuka. Wanaume wakachukua majembe. Ile bendi iliambiwa na wazee, kwa adabu, kwamba tarumbeta haitalia hapa, basi wakavua makoti, wakaenda kusaidia makaburini, na wote wanane walichimba vizuri kuliko walivyowahi kupiga. Saa saba Bi Fatu alikuwa ameshaoshwa. Bi Mwanawetu akatoka nje, mikono imelowa, akamtazama Mkurugenzi.

"Mama yako yuko tayari. Sanda."

Maji yalikuwa yameshapwa. Mkondo umebaki tope la kiunoni, boti zimelala ubavu, na mpaka jioni hakuna wa kutoka. Bwanaheri akapanda kichuguu cha nyuma ya msikiti, Mustapha nyuma yake, akapiga namba ya huduma kwa wateja, ile aliyoizindua mwenyewe kwa kukata utepe. Simu ikasema:

"Karibu Mamlaka ya Miisho Bora. Kama tukio linakaribia, bonyeza moja. Kama tukio limetokea, bonyeza mbili na uwe na subira."

Akabonyeza mbili. Kikapigwa kinanda kirefu. Halafu binti mwenye sauti ya asali akapokea.

"Pole sana, mpendwa. Ni mwanachama namba ngapi?"

"Namba moja! Ni mama yangu!"

"Ahsante. Kwa usalama wa taarifa zake, naomba niongee na mwanachama mwenyewe."

"Amekufa!"

"Sawa, mpendwa. Atakapopatikana, mwambie atupigie."

Bwanaheri akateremka mbio mpaka ofisi ya kijiji, akainama mlangoni, akasimama mbele ya kasha. "Mustapha. Vunja hiyo lakiri."

Mustapha alikuwa mtu mwaminifu. Na ilikuwa saa saba na nusu, muda wa mauzo, lakini katika jambo zito kama hili alijiona hana budi kurudi kwenye maadili. "Mheshimiwa, Kanuni ya Tisa. Lakiri huvunjwa na kamati ya watu watano, baada ya siku kumi na nne za kazi."

"Mjinga gani aliandika hivyo?"

Mustapha akafungua Mwongozo, ukurasa wa mwisho, akauelekeza kwenye mwanga wa dirisha ili picha ya Mkurugenzi Mkuu ionekane vizuri.

Nje watu walikuwa wamejaa. Bwanaheri akamgeukia Bi Mwanawetu aliyesimama mlangoni. "Mama mdogo, nakuomba. Fungua wewe. Kasha ni lako."

"Aka! Mimi ni mtuhumiwa, mwanangu. Sigusi kielelezo."

"Mzee Kondo!"

"Mimi ni shahidi," akasema Kondo. "Lakini shoka la kukatia mikoko ninalo." Akampa.

Hivyo ndivyo ikawa kwamba Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Miisho Bora, kwa mikono yake, mbele ya mji mzima, alivunja kielelezo cha serikali kwa shoka. Alikosea mara mbili, akajiumiza kidole. Utepe ukakatika, kifuniko kikainuka, karafuu maiti ikanukia, na juu kabisa ilikuwapo sanda iliyofungwa kwa utepe wa kanga ya bluu, ndefu, imepimwa miaka mingi iliyopita kwa mwili wa mwanamke mrefu. Ilimtosha Bi Fatu mpaka vidole vya miguu, ikabaki ya kufunga. Alizikwa alasiri. Hakuna aliyelipa, hakuna aliyetia saini. Lile sanduku la kioo lilisahaulika uwanjani. Baadaye Kondo alianza kuanikia uduvi ndani yake, na wanasema nzi hawaingii.

Mamlaka, kwa upande wake, haikulala. Siku ya kumi na nne ya kazi barua ikatoka makao makuu, ikamfikia Bwanaheri mezani kwake:

"Ndugu Mfiwa. Tunasikitika kukuarifu kuwa madai yako yamekataliwa. Mosi, marehemu alikuwa ndani ya kipindi cha subira. Pili, marehemu alihudumiwa na mtoa bima asiye na leseni. Tatu, aliyepokea huduma hiyo kwa niaba yake amevunja lakiri na atachukuliwa hatua. Tafadhali pokea cheti cha shukrani. Fremu ni shilingi elfu kumi na tano."

Chini palikuwa na saini yake mwenyewe, ile inayochapwa na mashine kwenye barua zote. Alikata rufaa. Mwenyekiti wa kamati ya rufaa alikuwa yeye. Mustapha, asubuhi ile akiwa maadili, alimzuia kuketi, kwa sababu ya maslahi binafsi.

Ilipobaki wiki moja kufika arobaini, Mzee Kondo alipiga simu. Hakusema mengi. "Kasha lina pengo, Mheshimiwa."

Bwanaheri akamtuma Mustapha dukani kwa Labhuben.

"Nataka sanda ya mwanamume," akasema Mustapha. "Ya daraja la Dhahabu."

Labhuben alikuwa ameuza bafta Kibiti tangu hajaota mvi. "Dhahabu utapata kwa sonara, baba. Hapa bafta ni moja tu, ya Mkurugenzi na ya muuza dagaa. Mita ngapi?"

Mustapha hakutaka kukisia, naye Mkurugenzi hakuwa amesema. Akafungua Nyongeza B, jedwali la vipimo. Pameandikwa kwamba mwananchi wa wastani ana urefu wa mita moja na nusu. Mheshimiwa mwenyewe ndiye aliyepunguza kipimo hicho mwaka jana, ikaokolewa robo ya gharama, akapewa ngao.

"Huyo mwenye sanda ni mtoto?" akauliza Labhuben.

"Ni wastani."

Labhuben akakata.

Wakavuka wote wawili, Mkurugenzi na Ofisa. Bi Mwanawetu alikuwa barazani, anasuka ukili. Kitanda cha kamba kilikuwa kimesimamishwa ukutani. Akapokea furushi kwa mikono miwili, akashukuru, akalifungua.

"Simama, mwanangu. Nyoosha mikono ubavuni."

"Lazima, Mama mdogo?"

"Mama yako alisimama hapohapo."

Bwanaheri akasimama. Watu walikuwa wameshaanza kukusanyika, akina mama na ndoo zao, Kondo na shoka lake, na wale thelathini na tisa waliotia dole gumba, ambao hakuna aliyekuwa na haraka. Bi Mwanawetu akapanda juu ya kinu ili afike, akashika ncha ya bafta juu ya utosi wa Mkurugenzi Mkuu, akaiachia iteremke. Ikapita uso, ikapita tai, ikapita mkanda. Magotini ikakata tamaa.

Hakuna aliyecheka. Bi Mwanawetu alishuka, akainama, akaipima tena kwa mikono yake kutoka chini kwenda juu, kama mtu anayetaka sana kuwa amekosea.

"Kipimo hiki mmekitoa wapi?"

"Kwenye Mwongozo, Bibi," akasema Mustapha. "Ndicho tutakachowapa wanachama wote."

Wale thelathini na tisa wakatazama miguu yao.

"Basi aliyekiandika aje hapa nimpime."

Sauti ya Bwanaheri ikatokea ndani ya bafta, ndogo. "Ni mimi, Mama mdogo."

"Najua, mwanangu," akasema Bi Mwanawetu. "Ndiyo maana nimeanza na wewe." Akaikunja sanda, akamrudishia mikononi. "Nenda kaongeze. Kasha litangoja, lakini yule mtoa roho simdhaminii."

Mustapha akatazama saa. Ilikuwa saa sita kasoro dakika tano, bado maadili, na taarifa lazima iandikwe. Akafungua begi, akatoa fomu ya tathmini, na palipoandikwa *Hali ya mteja baada ya huduma* akajaza kwa mwandiko safi:

*Mkurugenzi Mkuu. Dhahabu. Miguu iko nje.*